Pointi za Ndege: Nani Amelipa Nauli?

Ndugu msomaji, neno "bure" lina nguvu ya ajabu. Humfanya mtu mwenye akili timamu asahau maswali ambayo angemwuliza hata mchuuzi wa dagaa katika soko la Kasulu: kipimo ni kipi, bei ni ipi, na je, hizi ni za leo au za juzi? Jumapili ya leo tunalitazama neno hilo katika jambo ambalo zamani lilikuwa mbali na nyanda za juu za Kigoma, lakini sasa limekwisha kuingia majumbani mwetu. Jambo hilo ni pointi, au maili kama wengine wanavyoziita, ambazo mashirika ya ndege humhesabia abiria kila anaposafiri, na ambazo zikitimia kiasi fulani humpatia tiketi inayosemwa kuwa ni ya bure.

Huenda ukasema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, na kwamba mtu wa Kibondo akitaka kwenda Dar es Salaam huamka alfajiri akapanda basi, au huteremka Kigoma mjini akapanda gari moshi lenye safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Ni kweli kwamba walio wengi husafiri hivyo. Hata hivyo, tazama walio karibu nawe. Yuko mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Muhimbili, na ukoo ukachanga nauli ya ndege kwa sababu hali yake haikuruhusu basi. Yuko mfanyabiashara wa maharage na asali anayefuata wanunuzi Dar es Salaam. Wako watumishi wa serikali, na wale wa mashirika ya misaada, ambao safari zao ziliongezeka tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 na ile ya Nduta ilipofunguliwa upya wilayani Kibondo mwaka 2015. Tena wako maelfu ya Warundi na Wakongo waliotoka katika kambi za mkoa huu kwenda kuishi Marekani, ambao leo wana kazi, wana kadi za benki, na wana hamu ya kuwaona waliobaki nyuma. Wote hao wanahusika na pointi, wajue wasijue.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1978 Marekani ililegeza sheria iliyokuwa ikiyapangia mashirika ya ndege nauli na njia za kupita. Mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria. Mwaka 1979 shirika la Texas International lilianza kuwahesabia wasafiri wake maili, na tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikatangaza mpango wake ulioitwa AAdvantage. United ikafuata baada ya siku chache. Nia ilikuwa moja: abiria aone hasara kuhama.

Lakini wazo lenyewe ni kongwe kuliko ndege. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, wafumaji na mafundi maskini walifungua duka la ushirika, wakakubaliana kwamba faida itakayobaki igawanywe kwa wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Mkulima wa kahawa hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua malipo ya awali, na anajua malipo ya pili yanayokuja baada ya mauzo. Pointi za ndege ni namna ya malipo ya pili: sehemu ndogo ya nauli uliyokwisha kulipa inarudishwa kwako kwa sura nyingine. Tofauti ni moja, nayo si ndogo. Mwanachama wa ushirika ana sauti katika mkutano mkuu, abiria hana. Shirika la ndege ndilo hupanga pointi ngapi zitolewe, tiketi igharimu pointi ngapi, na lini zife.

Mipango ya namna hii iko mingi katika anga yetu. Air Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, iliuita mpango wake Twiga Miles, kwa jina la mnyama anayeonekana kwenye mikia ya ndege zake. Kenya Airways ilikaa miaka mingi ndani ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, kisha ikaanzisha wake yenyewe, Asante Rewards. Ethiopian wana ShebaMiles, na Emirates wana Skywards. Majina ni matamu, lakini hayajazi kibaba. Kinachojaza kibaba ni hesabu.

Basi tufanye hesabu. Mfano huu ni wetu wa kufundishia tu, wala si viwango vya shirika lolote. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kati ya Kigoma na Dar es Salaam ni shilingi 400,000, na mpango unatoa pointi 1 kwa kila shilingi 1,000. Safari moja itakupa pointi 400. Tuseme pia kwamba tiketi ya tuzo ya safari hiyohiyo inahitaji pointi 8,000. Utalazimika kusafiri mara 20. Mwalimu wa Kasulu anayepanda ndege mara 2 kwa mwaka atahitaji miaka 10. Na ikiwa kanuni ya mpango inasema kwamba kila pointi hufa baada ya miaka 3, mwalimu huyo hatakuwa na zaidi ya pointi 2,400 kwa wakati wowote. Hatafika kamwe. Kila mwaka atakuwa akimimina maji katika mtungi uliotoboka chini.

Sasa mtazame mtu mwingine, ambaye kazi yake humpandisha ndege mara 2 kila mwezi. Huyu atatimiza safari 20 katika miezi 10, kisha atachukua tiketi yake na kumpeleka mkewe Dar es Salaam kwa furaha. Hatumwonei wivu. Lakini hapa, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Nani amelipa nauli za safari zile 20? Kwa kawaida mtu apandaye ndege mara 2 kila mwezi hajilipii. Analipiwa na mwajiri, na nyuma ya mwajiri yuko mlipa kodi, au mfadhili, au mwanachama wa chama. Tena gharama za tuzo hazitoki hewani. Zimo ndani ya nauli ambazo abiria wote hulipa. Bibi aliyepanda ndege mara moja maishani mwake kwenda kutibiwa, na ambaye hakuna aliyemwambia kwamba safari yake ina pointi, naye amechangia kidogo tiketi ya bure ya mtu asiyemjua.

Kwa hiyo mtu akikuuliza pointi ni za nani, mpe majibu mawili. Kwa kanuni za mashirika, pointi ni za yule aliyeketi kitini, ambaye jina lake limo katika tiketi na ambaye amejiandikisha katika mpango. Kwa haki, swali la kwanza ni lile la kichwa cha makala haya: nani amelipa?

Dunia imekwisha kugombana juu ya jambo hili. Nchini Ujerumani, mwaka 2002, Gregor Gysi, aliyekuwa akiongoza wizara ya uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba maili alizozipata katika safari za kikazi alipokuwa mbunge alizitumia kwa safari zake binafsi. Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2001, Marekani ilipitisha sheria inayowaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili za safari za kikazi kuwa mali yao. Nchi mbili zilitoa majibu mawili yasiyofanana. Somo kwetu ni kwamba jambo hili lazima liandikwe. Shirika, chama cha ushirika au halmashauri yoyote inayowalipia watu wake nauli za ndege na iseme waziwazi katika kanuni zake kama pointi zitatumika kwa safari zijazo za kazi, au zitaachwa kwa mtumishi kama kifuta jasho cha usumbufu wa njia. Lolote litakaloamuliwa kwa uwazi ni afadhali kuliko kunong'onezana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ndani ya ukoo ni vivyo hivyo. Ndugu 12 wakichanga nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, kisha msindikizaji akarudi na pointi katika simu yake, si vibaya mzee wa ukoo akauliza kwa upole: zile pointi ziko wapi, na zitamfaa nani safari ijayo? Anayeuliza hivyo si mchoyo. Anawakumbusha kwamba safari ya matibabu mara nyingi hairudiwi mara moja tu. Mipango mingi humruhusu mwenye pointi kumkatia mtu mwingine tiketi kwa pointi zake. Kwa hiyo pointi zilizozaliwa na mchango zinaweza kurudi katika mchango.

Tuje kwenye ubaya wa pili: pointi si akiba. Shilingi uliyoiweka benki ni deni ambalo wewe unaidai benki. Pointi ni ahadi ambayo mtoa ahadi anaweza kuibadili. Majirani zetu wa Kenya walilionja jambo hilo kwa upande wa simu. Safaricom ilianzisha Bonga Points mwaka 2007, na watu wakazilimbikiza miaka na miaka. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza kwamba pointi zilizopita miaka 3 zitafutwa. Wananchi wakapiga kelele, na hatua hiyo ikasimamishwa. Si kila mara kelele husikilizwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la abiria mmoja aliyefutwa katika mpango wa shirika la Northwest kwa madai kwamba alikuwa akilalamika kupita kiasi. Alidai kwamba shirika halikumtendea kwa nia njema. Mahakama ikasema kwamba, kwa sheria ile ya mwaka 1978, dai la namna hiyo haliwezi kusimama.

Tena shirika lenyewe linaweza kufa. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivyosimama mwaka 1977. Huko Australia, shirika kubwa la Ansett lilipoanguka Septemba 2001, abiria waliokuwa wamekusanya pointi kwa miaka mingi waliamka asubuhi wakiwa na tarakimu tupu. Mwenye ng'ombe aliyekufa hubaki na ngozi. Mwenye pointi zilizokufa habaki na kitu.

Ubaya wa tatu ni kuzifukuzia. Rudi katika mfano wetu: safari 20 za shilingi 400,000 ni shilingi 8,000,000, na tuzo yake ni tiketi ya 400,000. Maana yake kila safari inakurudishia shilingi 20,000, ukifanikiwa kufika mwisho. Basi siku ile shirika jingine likiuza tiketi kwa nafuu ya shilingi 30,000, na wewe ukalikataa ili usikose pointi, umepoteza 30,000 zilizo mkononi kwa kufuata 20,000 zilizo porini. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hasara za namna hii huchovya polepole.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, mtego ni mkubwa zaidi. Huko pointi nyingi siku hizi hazizaliwi angani, bali madukani, kwa kutumia kadi za mkopo. Mashirika ya ndege huyauzia mabenki pointi, na mabenki huwagawia wenye kadi. Biashara hiyo imekuwa na thamani kubwa hata mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya ugonjwa wa korona, United iliweza kuuweka mpango wake wa MileagePlus kuwa dhamana ya mkopo wa mabilioni ya dola. Sasa pima: pointi za kadi aghalabu hulingana na dola 1 au 2 kwa kila dola 100 ulizotumia, na riba ya kadi hizo katika miaka ya karibuni imepita asilimia 20 kwa mwaka. Kijana aliyepelekwa huko kwa mkopo wa nauli usio na riba, akaulipa kidogo kidogo mpaka ukaisha, asije akaingia katika deni lenye riba kali kwa ajili ya tiketi ya bure ya kurudi kutusalimu. Anayelipa deni lote la kadi kila mwezi, pointi zake ni faida. Asiyeweza, na aiweke kadi kabatini.

Baada ya maonyo hayo, tusije tukamwaga mtoto pamoja na maji ya kuogea. Malipo ya pili ni halali yako. Kuyaacha ni ujinga kama kuyaabudu. Haya ndiyo ya kufanya.

Kwanza, jiandikishe kabla ya kusafiri, kwani kwa kawaida kujiandikisha hakugharimu kitu. Andika jina lako sawasawa na lilivyo katika kitambulisho au pasipoti. Majina yetu mengi ya Kiha yameandikwa na makarani mbalimbali kwa namna mbalimbali. Herufi moja ikipishana, kompyuta humwona mtu mmoja kuwa watu wawili, na pointi hazifiki.

Pili, toa namba yako ya uanachama unapokata tiketi, hata kama anayekata ni wakala. Kisha tunza tiketi na kile kipande cha kupandia ndege mpaka uone pointi zimeingia. Zisipoingia, mipango mingi hukupa muda wa kudai, lakini muda huo una mwisho.

Tatu, usitawanye. Safari moja huhesabiwa katika mpango mmoja tu. Mashirika mengi yameungana katika makundi, na pointi za safari ya shirika moja zinaweza kuwekwa katika mpango wa mwenzake wa kundi hilo. Ethiopian iliingia katika Star Alliance mwaka 2011, ambamo United imo tangu kundi lilipoundwa mwaka 1997. Kenya Airways na KLM zimo katika SkyTeam. Qatar Airways iliingia Oneworld mwaka 2013, ambamo American imo. Kwa hiyo ndugu aliyeko Marekani anayekuja nyumbani kwa Ethiopian anaweza kuziweka maili zake United, pamoja na zile za safari zake za huko. Emirates na Air Tanzania hazimo katika makundi hayo matatu.

Nne, uliza kuhusu familia. Skywards na Flying Blue ni miongoni mwa mipango inayowaruhusu watu wa nyumba moja kukusanya pointi katika chungu kimoja. Pointi za watu 5 zisizofika popote zikitengana zinaweza kufika zikiungana.

Tano, kabla ya kusema "bure", uliza kiasi cha fedha taslimu kitakachobaki kulipwa. Tiketi ya tuzo bado hudaiwa kodi na tozo za viwanja, na mashirika mengine huongeza malipo yao. Mwana akimkatia mama yake wa Kibondo tiketi ya tuzo kutoka Dar es Salaam, asisahau kwamba mama haishi uwanjani. Kuna nauli ya kutoka Kibondo, kuna malazi ya Dar es Salaam, kuna pasipoti na viza, na kuna msindikizaji. Na viti vya tuzo ni vichache. Hupatikana kwa urahisi zaidi mtu akiomba mapema, na ni adimu wakati wa Krismasi na likizo za shule.

Sita, zikitosha, zitumie. Thamani ya pointi hushuka kimyakimya, kwa maana shirika likiongeza idadi inayotakiwa halikuombi ruhusa. Andika katika daftari la nyumba pointi ziko ngapi, katika mpango gani, na zinakufa lini. Daftari hilo lisiwe siri ya mtu mmoja. Mwenye simu akifariki bila mtu kujua, mipango mingine hufuta pointi pamoja naye.

Ndugu msomaji, wenye kuuza hawajawahi kuacha kutafuta njia za kumfunga mnunuzi, na pointi ni mojawapo ya kamba hizo, ingawa ni kamba laini. Mtu anayejua urefu wake anaweza kuitumia kufungia mzigo wake mwenyewe. Basi siku utakapoletewa habari njema kwamba fulani amepata tiketi ya bure, mpongeze kwa moyo mweupe. Kisha, mkiwa mmeketi nyumbani kwa utulivu, ulizeni pamoja: nauli ilitoka mfukoni mwa nani, na yeye atapanda lini?

Mpaka Jumapili ijayo.